Binti Sultani Katika Garimoshi: Maisha ya Bibi Salme wa Unguja

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wetu tumepata kusikia habari za Sayyid Saidi bin Sultani, mtawala wa Maskati na Unguja, ambaye amri yake ilifika katika pwani yetu yote, Kilwa, Lindi mpaka Mikindani. Lakini habari za binti yake, Bibi Salme, hazisimuliwi sana huku kwetu Kusini. Nimeona ni vema nizieleze katika gazeti letu muhula huu, kwa sababu mbili. Kwanza, bibi huyu ni miongoni mwa watu wa mwanzo wa pwani hii tunaowajua ambao walivuka milima mikubwa ya Ulaya kwa garimoshi. Pili, safari yake hiyo ilikuwa na jambo ndani yake lililotugusa sisi watu wa Kilwa na Lindi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akitafuta haki yake tu.

Bibi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika jumba la Mtoni, karibu na mji wa Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi, yaani milima ya Kaukasi, na aliletwa Unguja akiwa bado mtoto mdogo. Kwa hiyo binti huyu wa kisiwa cha minazi na mikarafuu alikuwa na damu ya watu wa milimani, na huenda hakulifikiria jambo hilo mpaka alipokuwa mtu mzima.

Alikua katika nyumba kubwa yenye ndugu wengi. Alijifunza kupanda farasi na kutumia silaha, na wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika. Salme hakuridhika. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili herufi za msahafu juu yake kwa siri, mpaka mkono wake ukazoea. Nawaomba wenzangu wa Kidato cha Kwanza wanaolalamika kwamba madaftari yamekwisha waufikirie mfupa huo.

Elimu hiyo ndiyo iliyomtia katika taabu ya kwanza. Sayyid Saidi alifariki baharini mwaka 1856, na Majid akashika utawala wa Unguja. Mwaka 1859 mama yake Salme akafa kwa ugonjwa wa kipindupindu. Mwaka huo huo Barghash, ndugu mwingine, akataka kumpindua Majid, na Salme, msichana wa miaka kumi na mitano, akawa katibu wa waasi kwa kuwa kalamu yake ilikuwa nyepesi. Uasi ulishindwa kwa msaada wa Waingereza. Barghash akapelekwa Bombay, akakaa huko miaka miwili. Salme alisamehewa, akaenda kukaa shamba. Baadaye akapatana na Majid, na Barghash hakumsahaulia tendo hilo hata siku moja. Tusisahau neno hili, maana litarudi.

Aliporudi mjini, nyumba yake ilikuwa jirani na nyumba ya mfanya biashara wa Hamburg, Bwana Heinrich Ruete. Wakajuana, wakapendana, na Salme akapata mimba. Kwa binti wa Sultani aibu hiyo ilikuwa jambo la hatari kubwa. Usiku wa tarehe 24 Agosti, 1866, wakati wa sherehe za Siku ya Mwaka, ambapo watu hushuka pwani kuoga, yeye naye alishuka pwani kama wenzake. Lakini mashua ilikuwa ikimngoja, ikamchukua mpaka manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer. Alipelekwa Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume, na Bwana Ruete alipomaliza shughuli zake Unguja akamfuata. Tarehe 30 Mei, 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyo hiyo, kisha wakasafiri kwenda Ulaya.

Hapa ndipo garimoshi linapoingia katika maisha yake, na liliingia kwa huzuni. Wakati ule Unguja haikuwa na reli hata hatua moja. Wasafiri wa Hamburg waliotoka bahari ya Shamu walishuka Marseille, wakapanda gari la moshi linalopita Lyon hadi Paris, na kutoka hapo kuelekea Ujerumani. Katika safari hiyo, wakiwa bado katika nchi ya Ufaransa, mtoto yule mchanga alifariki. Salme alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Aliacha dini ya wazee wake, nchi yake na jina lake, na kabla hajafika katika nyumba yake mpya alikuwa amekwisha kumpoteza mtoto ambaye kwa ajili yake aliyaacha yote hayo.

Hamburg hakukuzoea upesi. Baridi ilimwumiza, milango iliyofungwa mchana kutwa ilimshangaza, na watu walimkodolea macho kama kitu cha maonyesho. Walipata watoto watatu, Antonie mwaka 1868, Rudolph mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Rosalie alikuwa bado wa kunyonya wakati msiba mwingine ulipokuja, nao pia ulikuja juu ya reli. Katika miji ya Ulaya siku zile palikuwa na magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi juu ya vyuma barabarani. Mwezi wa Agosti, 1870, Bwana Ruete alianguka katika kushuka kwenye gari la namna hiyo, akaumia vibaya, na baada ya siku chache akafa.

Basi bibi huyu akabaki mjane katika nchi ya ugeni, mwenye watoto watatu, asiyeijua vizuri hata lugha. Mali ya mume ilipungua. Urithi wake wa Unguja hakuupata, kwa sababu ndugu zake walishikilia kwamba aliyetoka katika dini hana fungu. Alihama Hamburg akaenda Dresden, baadaye Rudolstadt, mji mdogo katika vilima vya Thuringia, na mwisho Berlin. Alifundisha Kiarabu ili apate chakula cha watoto. Wala hakurudi kuwaangukia jamaa wa mumewe kila mara, bali alijitahidi kwa mikono yake.

Mwaka 1875 alisikia kwamba Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani tangu mwaka 1870, anakwenda London kumzuru Malkia Victoria. Salme akajifunza Kiingereza kwa haraka, akavuka kwenda London. Lakini serikali ya Uingereza haikutaka mgeni wake asumbuliwe. Bwana mkubwa mmoja, Sir Bartle Frere, alimwahidi msaada kwa watoto wake kama angekubali kutomwona ndugu yake. Alikubali kwa ajili ya watoto, kisha ile ahadi haikutimizwa. Mimi huona hapa ndipo alipojifunza kutoziamini serikali, ingawa baada ya miaka kumi alilazimika kuamini serikali nyingine.

Mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wamekwisha kuanza kudai nchi za bara ya Tanganyika kwa mikataba ya Karl Peters, na Sultani Barghash alikuwa akipinga. Serikali ya Bismarck ikakumbuka kwamba Berlin kulikuwa na mjane mmoja, raia wa Ujerumani, dada yake Sultani, mwenye madai ya urithi. Ikamwambia ajitayarishe kusafiri. Mwanzoni mwa Julai Salme aliondoka Berlin pamoja na watoto wake watatu. Antonie alikuwa na miaka kumi na saba, sawa na mimi ninayeandika, Rudolph kumi na sita, na Rosalie kumi na mitano.

Njia yao ilikuwa hii. Kutoka Berlin garimoshi liliwapeleka Breslau, mji ambao leo uko Poland na huitwa Wrocław, kisha Vienna, mji mkuu wa Austria. Vienna ndipo inapoanza reli ya kusini inayokwenda mpaka bandari ya Trieste, umbali wa kilomita zipatazo 577. Reli hiyo haikuweza kuikwepa milima ya Alps. Mbele ya wajenzi palisimama mlima wa Semmering, na watu wengi wenye akili walisema kwamba garimoshi haliwezi kuupanda.

Mhandisi Carl von Ghega hakukubali. Kazi ilianza mwaka 1848, na ajabu ni kwamba wakati ule hapakuwa bado na injini yenye nguvu za kupanda njia aliyoichora. Yeye alijenga njia kwanza, akiamini kwamba injini itapatikana, na kweli mwaka 1851 yalifanywa mashindano ya injini papo hapo mlimani ili ipatikane inayofaa. Watu wapatao elfu ishirini walifanya kazi hiyo kwa sururu, nyundo na baruti, kwa maana baruti kali ya siku hizi ilikuwa haijavumbuliwa. Mamia yao walikufa, wengi kwa homa ya matumbo na kipindupindu, ugonjwa ule ule uliomwua mama yake Salme. Mwaka 1854 njia ilikwisha. Kutoka Gloggnitz mpaka Mürzzuschlag ni kilomita 41, na humo mna madaraja marefu ya mawe 16 na matobo ya mlimani kama 14. Daraja moja, liitwalo Kalte Rinne, lina matao juu ya matao, na kimo chake ni mita 46. Kuna mahali ambapo reli huinuka mita moja kwa kila mita arobaini.

Kilele cha njia hiyo kiko mita 898 juu ya bahari. Nilipoisoma hesabu hiyo nilishangaa kidogo, kwa kuwa ni karibu sawa na kimo cha Rondo kwetu hapa Lindi, ambako sisi hupanda kwa basi bila kusifiwa na mtu. Lakini tofauti ni kwamba mabonde ya Semmering ni kama yamekatwa kwa panga. Garimoshi hujizungusha ubavuni mwa mwamba, mara huingia gizani, mara hutoka juu ya daraja ambapo msafiri huona reli aliyopita muda mfupi uliopita ikiwa ng'ambo ya bonde, chini yake. Vijiji huonekana na makanisa yenye minara myembamba, misonobari imepanda mpaka kwenye mawe meupe, na maji ya mito hushuka kwa kishindo. Ng'ambo ya mlima njia hufuata bonde la mto Mürz, kisha la mto Mur mpaka Graz. Halafu huteremka kupitia Maribor na Ljubljana, ambayo siku zile Wajerumani waliita Marburg na Laibach, ikavuka nchi kavu ya mawe iitwayo Karst, ambako mito huzama ardhini na kutokea mahali pengine. Mwisho kabisa bahari hujitokeza ghafula, na Trieste iko chini.

Jambo la kufikirisha ni kwamba Salme, ambaye katika kitabu chake ameeleza kwa urefu mavazi, vyakula, arusi na hata farasi wa Unguja, hakuyapa maajabu hayo ya reli nafasi kubwa. Alitaja miji, akapita. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba huenda walivuka milima usiku. Yawezekana, lakini mimi nina mawazo mengine. Mtu aliyetengwa na kwao kwa miaka kumi na tisa, anapokwenda kwao, macho yake hayako dirishani. Nasi wa bweni tunaojua safari ya kufunga shule twafahamu kwamba hakuna anayehesabu madaraja.

Trieste walipanda meli, wakapita kisiwa cha Corfu, wakafika Iskanderia katika Misri. Huko aliona minara ya misikiti na mitende, na moyo wake ukajua kwamba sasa ameelekea upande wa nyumbani. Port Said waliingia katika meli ya Kijerumani, Adler. Tarehe 2 Agosti, 1885, kisiwa cha Unguja kilikuwa mbele yao.

Lakini hakushuka. Siku chache baadaye manowari za Kijerumani zilikusanyika mbele ya jumba la Sultani, mizinga ikielekezwa mjini, na Barghash akatakiwa aikubali himaya ya Wajerumani huko bara. Alikuwa hana njia, akakubali. Wakati wote huo dada yake alikuwa melini nyuma ya mizinga hiyo. Baadaye aliruhusiwa kutembea mjini. Watu walimfuata kwa makundi, wakamsalimu kwa Kiswahili na Kiarabu, na kwa maelezo yake mwenyewe wengine waliadhibiwa kwa kumsalimu. Alikwenda Mtoni alikozaliwa, akakuta jumba linabomoka. Barghash alikataa kumwona, na juu ya urithi alitolewa fedha kidogo ambazo alizikataa. Wajerumani walipokwisha kupata walichokitaka kwa Sultani, madai ya bibi huyu hayakuwa na haraka tena. Wakamrudisha Ulaya.

Sasa natufike kwetu. Himaya ile ya mwaka 1885 ilifuatwa na mkataba wa mwaka 1888, ambao kwa huo kampuni ya Wajerumani ilikodishiwa pwani yote, pamoja na Kilwa, Lindi na Mikindani. Mwezi wa Septemba mwaka huo watu wa Kilwa waliinuka, na Wajerumani wawili wa kampuni wakauawa. Mwaka 1890 majeshi ya Wissmann yaliziteka Kilwa na Lindi. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje, na mpaka leo mahali paitwapo Mwembe Kinyonga wazee hupaonyesha. Sisemi kwamba Bibi Salme ndiye aliyetuletea hayo. Yangekuja hata kama asingepanda garimoshi lile. Lakini nauli yake ililipwa na watu waliokuwa wakiitazama pwani yetu, naye hakuuliza sana walikuwa wakitaka nini.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wa Kilwa hawezi kulipita. Mashamba ya mikarafuu ambayo mapato yake yalimlea Salme, Kizimbani na Bububu na mengineyo, yalilimwa na watumwa, na wengi sana wa watumwa hao walipita Kilwa Kivinje, wakitoka Nyasa na nchi ya Wayao kwa miguu, minyororo shingoni. Barghash, kwa kusukumwa na Waingereza, alifunga soko la Unguja mwaka 1873, na mwaka 1876 akatoa amri ya kuzuia misafara ya watumwa ya nchi kavu. Salme katika kitabu chake aliutetea utumwa wa Waarabu, akisema haukuwa mkali kama wa Marekani, akaandika pia kwamba Mwafrika ni mvivu. Nilipofika mahali hapo nilikifunga kitabu kwa siku mbili. Mtu aliyejua uchungu wa kuchukuliwa mbali na kwao asingeshindwa, kwa maoni yangu, kuufahamu uchungu wa wale waliochukuliwa bila hiari. Hata mama yake mwenyewe alikuwa mtu aliyechukuliwa. Wenzangu wa chama cha majadiliano walisema tumhukumu kwa desturi za zamani zake. Nimewasikia, lakini nakumbuka kwamba katika zamani hizo hizo palikuwa na watu wengi waliouona ubaya huo, na wa kwanza wao walikuwa watumwa wenyewe.

Hata hivyo nilikifungua tena, kwa kuwa ni kitabu cha thamani. Kilitoka Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, kikafasiriwa katika lugha nyingine, na ni vigumu kupata mwanamke mwingine wa pwani yetu wa karne ile aliyeandika maisha yake kwa urefu namna hiyo. Ule mfupa wa ngamia ulizaa matunda.

Barghash alifariki mwaka 1888. Salme akaenda Unguja tena mwaka huo huo, akidhani ndugu mwingine, Khalifa, angekuwa mpole zaidi. Hakupata kitu. Tangu hapo hakutaka kukaa Ujerumani, akahamia Jaffa na kisha Beirut, ambako aliishi miaka mingi akisikia Kiarabu na adhana kila siku, akiwa Mkristo kwa jina na Mwarabu kwa mazoea. Vita Kuu ya mwaka 1914 ilipokuja alikuwa amerudi kwa watoto wake. Alifariki katika mji wa Jena tarehe 29 Februari, 1924, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mumewe. Husimuliwa kwamba katika vitu vyake palikuwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, nacho kilizikwa pamoja naye.

Mwanawe Rudolph aliongeza jina la Said katika jina lake, akaandika kitabu juu ya babu yake Sayyid Saidi, na mwisho wa maisha yake alikaa Lucerne katika Uswisi, mji ulio kando ya ziwa na kuzungukwa na milima ya Alps. Huko ndiko alikofariki mwaka 1946.

Reli ya Semmering ingali ikifanya kazi, na mwaka 1998 iliandikwa katika urithi wa dunia, kama magofu yetu ya Kilwa Kisiwani yalivyoandikwa mwaka 1981. Sisi Kusini tulipata reli yetu wakati wa mradi wa karanga, iliyotoka pwani mpaka Nachingwea, lakini ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Kwa hiyo wengi wetu hapa shuleni, na mimi nikiwamo, bado hatujapanda garimoshi hata mara moja.